Madoadoa

"Hii inaua kila kitu."

Hivyo ndivyo dawa ya wadudu inavyosifiwa katika maduka mengi ya agroveti, na ukiitafakari sifa hiyo utaona ni ya ajabu. Daktari hakusifii sindano kwa kukwambia itaua kila kitu mwilini mwako. Hata jeshi likibanwa na waandishi wa habari hujitahidi kudai kwamba mabomu yake yanachagua. Ni shambani tu ambako kutochagua kumegeuka kuwa ubora wa bidhaa.

Tuseme tuko Lambwe, kaunti ya Homa Bay, katika lile bonde lililolala kati ya mteremko wa Kanyamwa na milima ya Gwasi, si mbali na mpaka wa Migori. Kuna mama mmoja, mchukue kama mfano tu, mwenye robo ekari ya kunde. Mbegu atakula na watu wake, lakini majani ndiyo pesa: boo, kama yanavyoitwa huko, yanafungwa mafungu na kupelekwa sokoni, na mafungu hayo yanageuka karo ya shule. Asubuhi moja anakuta vichipukizi vimejikunja na kujaa vitu vyeusi vinavyong'aa, kama mtu amemwaga mbegu za mchicha juu yake. Anapanda boda hadi dukani.

"Mama, chukua hii," kijana wa duka anamwambia. "Inaua kila kitu."

"Una uhakika, kijana wangu?"

"Mama, hata nzi hatatua hapo."

Analipa, anarudi, anajaza pampu, anaibeba mgongoni. Jioni shamba liko kimya.

Swali langu ni moja: je, kuna kosa lililotendeka hapo? Na kama lipo, limetendwa dhidi ya nani?

Najua wengi watacheka. Kosa dhidi ya mdudu? Kiswahili chenyewe hakina huruma na wadudu. "Mdudu wewe" ni tusi. Ugonjwa wa aibu tuliupa jina la kadudu ili tusiutaje. Isitoshe, lugha imetuwekea mtego mwingine: kinachomponya mtoto ni dawa, na kinachoua shambani pia ni dawa. Neno sumu tunalihifadhi kwa mtu anayetaka kumdhuru jirani. Kwa hiyo yule mama, kwa ushahidi wa lugha yake ya sokoni, hakuua. Alitibu shamba.

Lakini hebu tugeuze jani tuone ni nani waliokuwa chini yake.

*

Vile vitu vyeusi ni vidukari. Huyu wa kunde, ambaye wataalamu humwita Aphis craccivora, ana mdomo kama sindano. Huuchoma kwenye mshipa wa mmea na kufyonza utomvu, na akihama kutoka mmea hadi mmea huenda amebeba virusi. Jike hahitaji dume. Anazaa mabinti walio hai, na binti huzaliwa mara nyingi akiwa tayari na kiinitete cha mjukuu tumboni mwake: bibi, mama na mtoto ndani ya ngozi moja. Baada ya wiki hivi binti naye anaanza kuzaa. Hesabu ya namna hiyo haimsubiri mtu atafute nauli.

Utomvu una sukari nyingi kuliko anayohitaji kidukari, kwa hiyo huitoa kwa nyuma kama umande mtamu. Umande huo ndio mshahara wa sungusungu. Chungu hao huwalinda vidukari kama mchungaji anavyolinda ng'ombe, na kumfukuza yeyote anayekuja kuwawinda. Msomaji wa Kisii au Kuria atatabasamu hapa, maana anawajua sungusungu wa aina nyingine, wale wa ulinzi wa vijijini, ambao walianza kwa kulinda na wakaishia kulaumiwa kwa mengine.

Mwindaji wenyewe ni mbawakawa mdogo, mviringo kama nusu ya njegere. Kiswahili cha vitabuni humwita mdudu-kibibi. Wa kawaida katika mashamba ya Afrika kusini mwa Sahara ni Cheilomenes lunata: mweusi, mgongo umejaa madoa ya manjano na rangi ya chungwa, mengine yamepinda kama hilali, ndiyo maana akapewa jina la mwezi. Madoa hayo si urembo. Ukimbana kidogo, magotini mwake hutoka matone ya majimaji ya manjano, machungu na yenye harufu mbaya. Madoadoa ni tangazo kwa ndege: mimi si mtamu, tafuta kingine.

Mkubwa huyu anakula makumi ya vidukari kwa siku. Lakini mlaji wa kutisha zaidi ni mwanawe, ambaye hafanani naye hata kidogo. Ni mrefu, wa rangi ya majivu, mwenye miguu sita na miiba midogo mgongoni, kama mamba aliyepunguzwa akatosha juu ya ukucha. Mkulima asiyemjua humponda kwa kidole akidhani ndiye mharibifu. Sura yake ni ya adui, kazi yake ni ya mlinzi.

Sasa angalia ratiba. Mdudu-kibibi hatagi mayai yake kwenye shamba lisilo na vidukari, kwa sababu wanawe watakufa njaa. Anafika baada ya vidukari kufika, siku kadhaa nyuma yao. Anataga mayai ya manjano chini ya jani, yanaanguliwa, watoto wanakula kwa wiki mbili hivi kabla ya kugeuka. Maana yake ni kwamba kuna kipindi, kila msimu, ambapo shamba linaonekana limeshindwa na kumbe msaada uko njiani au tayari umetaga. Na ni katika kipindi hichohicho ndipo mkulima hukimbilia dukani.

Dawa inayoua kila kitu haijui ratiba hiyo. Inaua kidukari, inaua mamba mdogo, inaua mzazi wake. Halafu nani anarudi kwanza? Vidukari wachache waliobaki kwenye jani la chini, au mmoja tu aliyepeperushwa na upepo kutoka shamba la jirani, anatosha kuanzisha ukoo. Mdudu-kibibi anahitaji mwenzi, anahitaji chakula, anahitaji muda. Kati ya kurudi kwa huyu na kurudi kwa yule, vidukari wanaishi katika shamba lisilo na askari. Basi mama anarudi dukani. Kijana anampa chupa nyingine.

Kama ningekuwa naandika ushauri wa kilimo ningeishia hapa: ukiua kila kitu unajiharibia mwenyewe. Ni kweli, na ni muhimu. Lakini hiyo ni hoja ya faida, na hoja ya faida ina tatizo lake.

*

Vitabu vya shule na wataalamu wa nyanjani humwita mdudu-kibibi "rafiki wa mkulima." Urafiki gani huo?

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Angalia kitenzi: kufaa. Rafiki ni anayekufaa. Kwa binadamu methali hiyo ni ya busara, kwa sababu anayekuja wakati wa dhiki amechagua kuja, na angeweza kukaa kwake. Mdudu-kibibi hakuchagua. Alisikia njaa. Vidukari wakiisha anaruka na kwenda zake, na hata kabla hawajaisha watoto wake wanaoanguliwa mapema huwala ndugu zao ambao bado wako ndani ya mayai. Ukitafuta kielelezo cha maadili kwa watoto, usimchukue huyu.

Tena ufaaji wake hubadilika kulingana na mahali. Mwaka 1888 mtaalamu Albert Koebele alitumwa Australia kutoka Marekani kutafuta mdudu wa kuokoa michungwa ya California, iliyokuwa ikiangamizwa na mdudu mwingine mweupe wa kufyonza. Alituma mdudu-kibibi mwekundu na mweusi aitwaye Rodolia cardinalis, na kwa muda mfupi michungwa ikapona. Kisa hicho kikawa hadithi ya kuanzisha taaluma nzima: mpeleke adui wa adui yako, atakufanyia kazi bure. Kwa ari hiyo mdudu-kibibi wa Asia, Harmonia axyridis, akaachiliwa Marekani na Ulaya. Naye akala vidukari kweli. Kisha akala mayai na watoto wa wadudu-kibibi wenyeji, akaingia katika nyumba za watu kwa maelfu wakati wa baridi, akachafua zabibu za mvinyo. Leo anahesabiwa miongoni mwa viumbe vamizi wanaojulikana zaidi duniani, na tangu mwaka 2011 imechapishwa taarifa kwamba yuko Kenya pia. Ni mdudu yuleyule, mwenye njaa ileile. Kilichobadilika ni kitabu chetu cha hesabu.

Kwa hiyo "rafiki" si tabia ya mdudu. Ni cheo tunachompa kwa muda, kama kibarua, na tunamwachisha tukitaka. Vivyo hivyo "adui." Mtu akikwambia umwache mdudu-kibibi kwa sababu ana faida, amekwambia pia, bila kutamka, kwamba asiye na faida hana wakili. Na nani anajua faida ya nani itaonekana lini?

Hapo ndipo Lambwe inapokuwa zaidi ya mfano wa kunde.

*

Kabla Lambwe haijajulikana kwa chochote kingine ilijulikana kwa mbung'o. Ndiye inzi anayeeneza malale, ugonjwa unaoingia katika damu, ukafika ubongoni, ukamlaza mtu mchana na kumkesha usiku, na usipotibiwa ukamuua. Mwanzoni mwa karne ya ishirini malale iliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda wa ziwa. Lambwe iliendelea kuugua hata baada ya uhuru, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mlipuko mwingine ulitokea. Tukiongea habari za mbung'o tusijifanye washairi. Watu walizikwa. Ng'ombe walikufa na familia zikabaki bila maziwa wala jembe la kukokotwa.

Mwaka 1981 ndege zilipita juu ya bonde zikinyunyiza endosulfani. Ndiyo "inaua kila kitu" kwa kipimo cha serikali. Mbung'o walipungua sana. Halafu, kwa sababu waliokuwa wamejificha vichakani hawakuisha, wakaanza kuongezeka tena. Endosulfani yenyewe baadaye iliwekwa katika orodha ya kemikali zinazopigwa marufuku duniani, chini ya Mkataba wa Stockholm, mwaka 2011. Hakuna anayeweza kutuambia leo ni wadudu-kibibi wangapi, nyuki wangapi, vipepeo wangapi walianguka chini ya ndege zile. Hakuna aliyewahesabu kabla, kwa hiyo hakuna wa kuwahesabu baada.

Lakini kuna upande wa pili wa hadithi. Kwa nini katikati ya bonde hilo, lililozungukwa na mashamba pande zote, kuna Mbuga ya Taifa ya Ruma, kilomita 120 za mraba za nyasi na migunga? Kwa nini ndiyo makao ya mwisho nchini Kenya ya korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso wa rangi mbili? Kwa nini mbayuwayu wa buluu, ndege adimu anayehama kutoka kusini mwa Afrika, bado anapata pa kutua? Jibu moja, ambalo si jibu lote lakini haliwezi kurukwa, ni mbung'o. Aliwazuia watu na ng'ombe kwa muda mrefu. Hifadhi ya wanyama ilitangazwa mwaka 1966 mahali ambapo wengi waliogopa kulala, na ikawa mbuga ya taifa mwaka 1983. Muuaji yule ndiye aliyekuwa mlinzi wa lango.

Sisemi mama aliyempoteza mtoto kwa malale alipaswa kumshukuru mbung'o kwa ajili ya swala. Hayo yangekuwa matusi. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho na kigumu kuliko hicho: aliyemuua mbung'o kulinda watu wake alikuwa na haki, na bado hakujua kila alichokuwa akikiua pamoja naye. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Maadili ya mtoto yanataka moja lifute lingine. Ya mtu mzima yanabeba yote mawili.

*

Basi tufanyeje? Tusiue kabisa? Wako watu wa dini ya Kijaini huko India wanaofagia njia mbele ya miguu yao ili wasimkanyage mdudu. Nawaheshimu, lakini siwezi kumwambia mkulima wa Lambwe afunge na kuomba huku kunde zikinyauka. Anayekula amehusika na kifo mahali fulani. Hata asiyekula nyama; muulize panya wa shamba la mahindi.

Au tusubiri sayansi ituambie kama mdudu anaumia? Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 inayotambua kwamba pweza na kaa wana hisia. Wadudu hawakutajwa. Labda siku moja watatajwa. Lakini nadhani tukiliweka swali mikononi mwa mdudu peke yake, eti athibitishe kwanza kwamba anaumia ndipo tumtendee haki, tumelikosea mahali pa kuanzia.

Kiswahili kina neno utu, na neno hilo lina jambo la kutufundisha. Utu hautoki kwa anayetendewa. Unatoka kwa mtu anayetenda. Hatuulizi kama mgeni ana sifa za kutosha kukaribishwa; tunauliza kama mwenyeji ana utu. Ukilitazama hivyo, swali halihusu tena kama kidukari anastahili kuishi. Linahusu mimi ni mtu wa namna gani ninapomuua: nimemtazama au sikumtazama?

Kuna kisa kinachojulikana kwa kila mtoto aliyepita madrasa. Nabii Suleiman anapita bondeni na majeshi yake, na sisimizi mmoja anawaonya wenzake waingie nyumbani, wasije wakapondwa na jeshi hilo bila wenyewe kutambua. Nimefikiria sana hayo maneno ya mwisho. Sisimizi hamshtaki Suleiman kwa ukatili. Anamjua vizuri kuliko hivyo. Hofu yake ni kutotambua. Na Suleiman, aliyejaliwa kuelewa lugha za viumbe, anasikia, anatabasamu, anamshukuru Mungu. Ukubwa wake katika kisa hicho haumo katika jeshi. Umo katika kusikia kitu kilichokuwa chini ya kwato.

Kwa hiyo mpaka ninaouona hauko kati ya kuua na kutoua. Uko kati ya kulenga na kumwaga. Anayelenga amelazimika kujua kitu kuhusu anayemuua: anapenda nini, anakaa wapi, anakuja lini. Anayemwaga hakulazimika kujua chochote.

Na habari njema ni kwamba kulenga kumefanyika palepale. Baada ya ndege, Lambwe ilijaribu vitambaa. Wataalamu waligundua kwamba mbung'o anavutwa na rangi ya buluu, akikaribia anapenda kutua kwenye nyeusi, na anafuata harufu ya ng'ombe. Basi unatundika kitambaa cha buluu na nyeusi kilichotiwa dawa, unaweka chambo cha harufu kando yake, na mbung'o anakuja mwenyewe. Kipepeo anapita zake. Kifo kiko pale, lakini kina anwani.

Ukishuka kutoka bondeni hadi ziwani, Mbita, utakuta kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na kituo hicho sasa kina jina lake. Hapo ndipo ilipokuzwa mbinu ya vuta-sukuma. Katikati ya mahindi unapanda desmodiamu, ambayo harufu yake inawasukuma nondo wa funza wanaotoboa mabua, na mizizi yake inavuruga kayongo, lile gugu la zambarau linalofyonza mahindi ardhini. Pembeni unazungushia nepia, inayowavuta nondo wale wakatage huko, ambako wengi wa watoto wao hawafiki popote. Hakuna pampu. Kuna mtu aliyekaa chini miaka mingi akimtazama mdudu hadi akajua anachokipenda na anachokikimbia. Hiyo ni sayansi, lakini pia ni namna ya heshima, hata kama lengo ni kumnyima adui chakula.

*

Sasa pingamizi, na ni la haki. Ni rahisi kwa mtu wa Nairobi, mwenye chai mkononi na simu yenye chaji, kumfundisha mama wa Lambwe kuhusu kutazama. Yeye ana watoto wa kulisha, maji ya kuchota, na wiki moja kabla ya siku ya soko. Kugeuza majani robo ekari nzima ni kazi. Kusubiri wadudu-kibibi ni bahati nasibu anayocheza kwa karo ya mtoto wake. Akikosea, sisi tutakuwa tumeshasoma makala nyingine.

Nakubali. Ndiyo maana sidhani kosa lile, kama ni kosa, ni lake peke yake, wala kwamba yeye ndiye wa kwanza katika foleni ya lawama. Kuna anayetengeneza dawa na kuiuza kwa sifa ya kutochagua. Kuna anayemtuma afisa wa kilimo mmoja kwa maelfu ya wakulima na kushangaa kwamba mwenye duka ndiye amekuwa mshauri.

Halafu kuna sisi. Hebu fikiria unavyochagua mboga kwa mama mboga. Unageuza fungu, unatafuta tundu, unatafuta doa. Ukiona kitu cheusi kwenye jani unarudisha na kukunja uso, na mama mboga anajifunza, na msambazaji anajifunza, na mkulima anajifunza. Jani lisilo na doa hata moja halikudondoka kutoka mbinguni. Kuna mahali liliagizwa, na aliyeliagiza ni jicho lako. Tunataka mboga asilia, tunaandika hivyo mitandaoni, lakini tunalipia mboga zilizonyamazishwa. Pampu iko mgongoni mwa yule mama. Amri ilitoka huku mjini.

Ndiyo maana naona kutazama ni deni la wengi, na linalipwa kwa sehemu. Mkulima anaweza kupita asubuhi mara mbili kwa wiki, kugeuza majani machache, na kujiuliza swali moja kabla ya pampu: kuna nani mwingine hapa? Akiona mayai ya manjano au mamba wadogo, aahirishe siku tatu. Ikibidi kuingilia, aanze na maji ya sabuni, na ayalenge kwenye vichipukizi vilivyojaa tu. Serikali inaweza kulipia ujuzi kama inavyolipia barabara. Na wewe unaweza kununua jani lenye doa.

*

Limebaki neno lenyewe, maana Mkenya hawezi kulisikia bila kushtuka.

Madoadoa. Kabla halijawa neno la mgongo wa mdudu lilikuwa, kwa kizazi chetu, neno la majukwaa ya siasa. "Ondoeni madoadoa": yaani wale wasio wa hapa, waliochanganyika nasi, wanaoharibu rangi moja ya eneo letu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, wakiwemo wengi waliorudi Nyanza na godoro kichwani, kwenda vijiji ambavyo watoto wao hawakuwahi kuviona. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki.

Silinganishi watu na wadudu. Waliofanya hivyo tunajua waliishia wapi: Rwanda walianza kwa kuwaita majirani zao mende. Ninachosema ni kwamba mkono una mazoea. Mkono uliozoea kusafisha kwanza na kuchuja baadaye, kuita kifo dawa, kusifia kitu kwa sababu kinaua bila kuchagua, mkono huo hauachi mazoea yake kwenye lango la shamba. Vijana wa mtaani wanaujua. Ni mkono wa msako wa usiku: kamata wote, tutajua kituoni nani alikuwa na hatia. Aliyekamatwa akiwa ametoka kununua mkate anaelewa, kuliko mwanafalsafa yeyote, tofauti kati ya kulenga na kumwaga.

Na mazoea mema nayo yana mkono wake. Mtu aliyejizoeza kugeuza jani kabla ya kuhukumu, akakuta kwamba mwenye sura ya kutisha ndiye mlinzi, na kwamba madoa aliyodhani ni uchafu yalikuwa onyo la mtu anayejitetea, amejifunza kitu atakachokihitaji mahali pengine. Hatajua kila kitu. Atakosea. Lakini atakuwa ametazama.

Kwa hiyo ukikuta kidukari kwenye jani la kunde ulilonunua jioni, usimrudishie mama mboga fungu lake. Maji ya bomba yanamtoa. Osha, katakata, kaanga na kitunguu. Huenda mahali fulani kuna mtu aliyekuwa na chupa mkononi, akasita, akaamua kutoua kila kitu. Mtu huyo anahitaji mnunuzi.